Bata Mzinga Aliyekosa Walaji

Amefariki mzee wa mtaani kwetu, hapa Singida Mjini, aliyejulikana kwa kuchoma bata mzinga mzima. Hatukuwa ndugu wala marafiki; nilipanga chumba mkabala na kwake, shikamoo na marahaba, basi. Msibani wakasema alikuwa mtu wa watu. Sikuamini, maana Krismasi iliyopita nilikuwa kwake.

Alikuwa mpishi wa hoteli Arusha miaka mingi, akarudi baada ya kufiwa na mkewe, akiwa na jiko la mkaa la duara lenye mfuniko, mithili ya chungu kikubwa chenye miguu. Siku ile aliusogeza mkaa pande mbili, akaweka sinia la maji katikati lidake mafuta, na juu yake bata aliyepakwa chumvi, kitunguu saumu na mafuta ya alizeti. Nikanyoosha mkono kwenye mfuniko. “Ukifunua unaufukuza moto, kijana. Tulia.” Tukatulia hadi alasiri. Bata akatoka wa kahawia, anang'aa. Mikeka ilishatandikwa. Majirani wakaja, wakasifu harufu, wakanywa soda. “Tumeshiba, mzee, tumetoka kula sasa hivi.” Waislamu walipoondoka, Wakristo nao wakaona haya kubaki. Tukabaki wawili mbele ya ndege wa kulisha ukoo.

“Kwani chakula changu kina nini?” akaniuliza. 

Kulipokucha nikamfuata jirani yake, mzee Mwislamu ambaye mtaa mzima humwita kuchinja kila penye shughuli, ili asiwepo wa kushindwa kula. “Hakuniita,” akasema. “Kachinja mwenyewe.”

“Sasa mbona hamkumwambia?”

“Mtu mzima utamwambiaje, kwake, siku ya sikukuu yake? Ungemwaibisha.”

Nikaenda kumwambia mimi. Akacheka kidogo. “Hotelini wanaletwa wameshachinjwa. Nilisahau kabisa kwamba kuna kuita. Na mimi nilishaanza kufikiri nirudi Arusha.”

Akanunua bata mwingine kule Mtinko, akawa anamnenepesha kwa ajili ya Pasaka, na akaenda mwenyewe kwa jirani kumwomba aje kuchinja. Jirani akakubali. Pasaka haikumkuta mzee hai. Jirani alimchinja bata yule msibani, akina mama wakamkatakata na kumtia kwenye sufuria la pilau, kwa kuwa hakuna aliyejua kulitumia lile jiko. Watu walikula mpaka ukoko. Mimi nilikula nikiwa nimesimama ukutani; sikuona wa kukaa naye.

Chuoni nilifundishwa kuuliza, na mtaani naambiwa maswali yangu ni utovu wa adabu. Huenda. Lakini sioni heshima iko wapi katika kumwacha mtu usiku kucha akijikagua, peke yake, kwa kosa ambalo majirani wote wanalijua isipokuwa yeye. Aibu ya kuambiwa huisha kabla chai haijapoa. Ukiwa na neno na jirani yako, mpelekee angali na nafasi ya kukukaribisha tena.