Kisigino cha Fundi

Kano ya kisigino ilipomkatika fundi cherehani katika mbio zake za alfajiri, mkewe alidhani sasa mtu huyu atatulia. Thubutu. Huu ni mwezi wa nne tangu aumie, na mteja akija kupimwa, fundi humpima akiwa amesimama kwenye ngazi ya mlangoni, visigino hewani, akipanda na kushuka polepole kama daktari wa viungo alivyomfundisha, na kuhesabu kwa sauti. Ndivyo alivyomkatia mzee mmoja mnene suruali ya kiuno cha inchi kumi na tano. "Si upime kwanza, baba, ndipo upande?" mkewe humwambia, akitia vifungo pembeni. "Mguu haungoji, mama." Leo, tepu ikiwa shingoni, kwa mara ya kwanza fundi aliukunja mguu mzima, akabaki juu ya ule mbovu peke yake. Ncha ya pua ikamtoka jasho. Kisigino kikatetemeka, kikapanda upana wa kidole, kikapanda tena. Mkewe akasahau sindano. Kiliposhuka salama, fundi alikuwa hajapata pumzi ya kusema, basi mkewe akamhesabia: "Moja."