Kutafuta Ufuo wa Kuogea, Kendu Bay hadi Sindo

Mwaka wa 1996, wanawake wa darasa letu la watu wazima mjini Migori tulikubaliana kwamba ifikapo Desemba tutakwenda likizo. Neno hilo tulikuwa tumelisoma mara nyingi vitabuni, daima pamoja na picha ya watu waliojilaza mchangani bila kazi yoyote, na tulitaka kujua ladha yake. Wengi wetu tulizaliwa mbali na ziwa, wala hatukuwahi kuingia ndani yake kupita magoti. Mwalimu alionya kwamba tusipopata ufuo wa kufaa kabla ya muhula kuanza, atatupeleka kutazama kiwanda cha sukari, ambacho moshi wake tumeuvuta tangu tuolewe. Nikatumwa mimi kwenda kuchagua. Sharti lilikuwa moja: pawe mahali ambapo mwanamke mwenye wajukuu anaweza kuingia majini hadi shingoni, mchana, bila kuaibika.

Jumatatu, tarehe 12 Agosti, niliondoka na mke mwenzangu, Turufena. Mume wetu alifariki tarehe 4 Machi 1989, na tangu siku hiyo nimejilisha, nimejisomesha hadi cheti cha darasa la nane, wala sijamwomba shemeji yeyote nauli. Turufena hakusoma, lakini hucheka kwa niaba yetu sote wawili. Njia niliipanga mwenyewe: Kisii, Oyugis, Kendu Bay, Homa Bay, kisha Sindo, na Mbita tusiikanyage kabisa. Mbita ndiko alikovua Okeyo, mume wa binti yangu Atieno. Kwetu mama mkwe hali chakula mbele ya mkwewe, wala halali nyumbani kwake, sembuse kuoga pale macho yake yanapofika. Hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na adhabu yake huwaangukia watoto. Turufena naye, kwa kuwa mke mwenza ni mama mkwe vilevile, alifungwa na kamba iyo hiyo.

Alasiri tulifika Kendu Bay. Niliona uwanja mpana wa kijani, nikamwuliza mwenyeji wetu, binamu yake Turufena, ziwa liko upande gani. Akasema ndilo hilo ninalolitazama. Gugumaji lilikuwa limeifunika ghuba yote, ndege wakitembea juu yake kama kuku uani, na mitumbwi imekwama katikati. Turufena alisema darasa letu lingekuja hapa na majembe, tupande mahindi.

Jumanne tulifuata ziwa hadi Homa Bay. Karibu na mji vijana walikuwa wakiosha malori na baiskeli, kwa hiyo tukaelekezwa mbele zaidi, penye uwazi mdogo katikati ya matete ambamo akina mama huoga. Maji yalikuwa matulivu na mawe yamepangika vizuri. Turufena alikuwa ameshatumbukiza mguu mmoja pale jiwe moja lilipopumua. Sijawahi kumwona mke mwenzangu akikimbia namna ile, hata siku tuliyovamiwa na nyuki. Tulipofika barabarani alidai kwamba kiboko yule alikuwa dume, na kwa hiyo sharti la darasa lilikuwa limevunjwa.

Jumatano nzima ilikwisha njiani, kwa maana tulizunguka kupitia bara ili tusipite Mbita. Sindo tulipokewa na Peres, mchuuzi wa samaki, mjane kama sisi, ambaye tulifahamiana naye kanisani. Alipika samaki aina ya kamongo, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema ufuo ninaoutafuta anaujua.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 15, alitupeleka nyuma ya mwamba. Maji yalikuwa safi, nami niliweza kuviona vidole vyangu vya miguu. Kando kidogo wachuuzi wanawake walikaa juu ya makarai yao wakisubiri samaki. Peres alisema mashua hazirudi mpaka jua liwe juu. Saa hizi ziwa ni la wanawake.

"Ingia, nyar Migori," alinihimiza, yaani binti wa Migori. "Maji hayaumi mtu."

Nilijifunga shuka, nikaingia. Yalipofika kiunoni, nilisikia kasia. Nyavu zilikuwa zimejaa mapema, na mashua zilikuwa zikiuzunguka mwamba. Aliyesimama mbele katika mashua ya kwanza alikuwa Okeyo. Wavuvi huhama wakifuata samaki, kama wafugaji wanavyofuata majani. Mimi niliyejivunia mpango wangu sikulikumbuka hilo. Sikuwa na pa kujificha ila majini. Nikachuchumaa hadi shingoni. Turufena, aliyekuwa bado nchi kavu, alinyakua karai la mtu akajifunika uso.

Okeyo alitugeuzia mgongo papo hapo. "Rudisheni mashua," aliwaambia wenzake. "Mama yangu anaoga."

Mmoja akauliza habari za samaki.

"Wameshakufa hao. Hawana haraka."

Mashua zote zikageuka, zikarudi nyuma ya mwamba. Wachuuzi walikasirika, na mmoja akasema wateja wanangoja huku mama wa watu anajiloweka kama mihogo. Nilitaka kutoka. Peres akamjibu kwamba mihogo haijajaa sufuria bado, nafasi ipo. Yule mchuuzi akafikiri kidogo, akavua kitambaa cha kichwa, akaingia. Wakamfuata wengine, watu walioishi kando ya ziwa maisha yao yote bila kulioga mchana kwa starehe. Turufena aliingia mwisho, na karai lake. Peres aliweka kiganja chini ya mgongo wangu, akaniambia nilegee. Nililegea. Masikio yalizama, kelele zote zikaisha, na nikaelea nikitazama mawingu. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili.

Tulipokwisha kuvaa, mashua zilitia nanga. Mimi na mkwe wangu tuliamkiana tukiwa tumepeana migongo, hatua chache tu kati yetu, na Peres katikati akiyabeba maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameshayasikia.

"Mwulize mama kama maji yalikuwa baridi."

"Mwambie mwanangu yalikuwa mazuri."

"Basi mwambie Desemba alete darasa lote. Siku hiyo tutatia nanga upande wa pili."

Ijumaa tulirudi Migori, na Jumatatu, tarehe 19, nilisimama mbele ya darasa. Waliniuliza kama mchanga ni mweupe kama wa kitabuni. Niliwaambia la, ni wa kijivu, na una magamba ya samaki. Wakauliza kwa nini basi nimeuchagua. Nikawajibu kwamba niliondoka nikitafuta ufuo usio na mkwe, na siku nne zilinifundisha kwamba ufuo wa namna hiyo hauna mtu wa kukugeuzia mashua.