Anayejua nani hajarudi kutoka baharini

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamke mmoja wa miaka hamsini na moja amechuchumaa kwenye gati la klabu ya mashua, uso wake umekaribia kabisa kugusa rafu ya viatu. Mkononi ana kitambaa kibichi. Hafuti kitu. Anaangalia kandambili.

Ziko pea arobaini na moja. Zote za buluu, zote mpya, zote zina nembo ya klabu kwenye ukanda. Anainua moja, anaigeuza, anairudisha.

"Leo wameniweza," anasema, bila kumwambia mtu yeyote.

Nyuma yake, mashua tisa za matanga zinatoka moja moja kuelekea fungu la mchanga, mwendo wa saa mbili kutoka kisiwani. Watu arobaini na mmoja wako ndani, peku wote. Wengine wanampungia mkono. "Bi Viatu, tuangalizie," anapaza sauti bwana mmoja mwenye kofia pana, na mashua yao inakata kona.

Kwenye barua yake ya ajira, Bi Viatu ni mhudumu wa usafi. Anafagia ukumbi, anachemsha chai, anaanika majaketi ya kuelea. Lakini muulize mwanachama yeyote kazi yake ni nini, atakwambia ni viatu.

Jambo lenyewe ni rahisi. Hakuna mwenye mashua anayekubali mtu apande na viatu, maana mchanga wa kwenye soli unakwaruza sakafu ya mbao ambayo mtu ameipaka vanishi kwa jasho lake. Kwa hiyo kila anayekwenda anavua gatini, anaacha kwenye rafu. Akirudi, anavaa.

Zamani kazi yake ilikuwa kuvipanga tu visinyeshewe. Ila ukikaa na viatu vya watu kwa miaka kumi na minne, anasema, vinaanza kukwambia mambo.

"Daktari wa meno anavipanga vidole vinatazama nje, tayari kwa kuondoka. Fundi wa injini anavirusha tu, kimoja huku, kingine nakifuata chini ya benchi. Wale bwana na bibi wa mashua nyekundu, wakiweka rafu tofauti, najua jana hawakuelewana. Wakipatana, vinarudi pamoja. Siulizi. Nachemsha chai tu."

Amewahi kujua kuhusu uchumba miezi miwili kabla ya wazazi. Viatu vya kike vya kamba nyeupe vilianza kusogea rafu, wiki hii hapa, wiki ijayo pale, mpaka vikatua kando ya raba kubwa zilizochakaa kisigino. "Nikamwambia askari wa geti, hapa kuna harusi. Akanicheka. Kwenye harusi alikula sahani tatu."

Askari mwenyewe, jamaa mrefu asiyeishiwa maneno, hakatai. "Mbili na nusu," anasahihisha.

Miezi minane iliyopita, mzaha uliisha. Klabu ilikwenda fungu lile lile la mchanga, wakala, wakaogelea, wakarudi. Ukumbini muziki ukawashwa. Bi Viatu alipokwenda gatini kufagia, akakuta makubazi ya kahawia yamebaki, moja limefungwa kwa uzi wa kushonea matanga.

Yalikuwa ya mwalimu mstaafu, mzee mpole anayekusanya makombe ya konokono. Waliokwenda naye walidhani amerudi na mashua nyingine. Wa mashua nyingine walidhani amerudi na ile aliyokwenda nayo. Wote walikuwa na uhakika, na wote walikuwa wameshashika vikombe vya chai.

Aliwaonyesha makubazi, wakarudi mbio kwa boti ya injini. Walimkuta amesimama kwenye fungu, maji magotini na yanapanda, mfuko wa makombe kichwani.

"Niliwaza, watanikumbuka kwenye mchezo wa maswali wa jioni, maana mimi ndiye huwa nauliza," anasimulia Mwalimu. "Kumbe waliokumbuka ni makubazi yangu."

Toka siku hiyo, Bi Viatu hakai mpaka rafu iwe tupu. Na klabu, kwa kuguswa, ikaamua kumpa heshima. Kamati ikakaa, ikajadili, ikapiga kura. Wakaagiza kandambili za buluu zenye nembo, saizi tatu tu, ndogo, ya kati na kubwa, kila mwanachama avae, kama kumbukumbu ya siku viatu vilipookoa mtu.

Yaani walimshukuru kwa kumfumba macho.

"Mwezi uliopita nilipokea zawadi na mimi, pea moja, na hotuba," anasema. "Nikapiga makofi. Nyumbani ndiyo nikakaa kitandani nikajiuliza, sasa nitamjua nani?"

Hakusema chochote. Watu wamekupa heshima, utaanzaje kuwaambia wamekuharibia kazi? Tena katibu wa klabu, mtu nadhifu anayependa kila kitu kiwe na namba, alikuwa na hoja nyingine mezani. Alitaka rafu iondolewe kabisa, pale pawekwe viti vya kupumzikia. Kila anayerudi aandike "nimefika" kwenye kundi la simu, basi. Jumamosi wangejaribu, Jumapili hoja ingepigiwa kura.

Hii leo ni Jumamosi. Na baada ya wiki tatu kuna safari kubwa ya mwaka, siku tatu, visiwa vinne, watu karibu sitini.

"Leo nikishindwa, rafu kesho haipo," anasema huku akikung'uta kitambaa. "Rafu kuondoka siyo neno, nitafagia tu. Lakini kwenye safari ile mtu akibaki huko, atajulikana na nani?"

Na yeye mwenyewe, amewahi kwenda?

Anatikisa kichwa. Miaka kumi na minne gatini, hajawahi kupanda hata mashua moja. Wamemwalika mara nyingi. Siyo woga wa maji, anaogelea vizuri kuliko nusu ya wanachama.

"Mimi nikipanda, viatu vyangu vitaangaliwa na nani?"

Saa kumi alasiri mashua zinaanza kurudi. Zinafunga kwenye maboya huko nje, na boti ndogo ya kuvushia inaleta watu gatini kwa mafungu. Ngozi zimeiva kwa jua, vicheko vingi. Mtu anaingiza miguu kwenye kandambili yoyote inayomtosha, anaenda. Kwenye kundi la simu meseji zinamiminika: nimefika, nimefika, nimefika.

Jumamosi za safari, klabu ina mashindano yake. Leo ni kufunga mafundo ukiwa umefungwa kitambaa machoni. Mshindi wa mwaka jana ni bibi wa miaka sabini na mbili ambaye vijana wanamwogopa kweli kweli. Kamba zimegawiwa, viti vimepangwa duara, muziki uko juu.

Bi Viatu anaingia ukumbini na kandambili mbili mkononi. Saizi kubwa.

"Imebaki pea moja," anasema.

Hakuna anayesikia. Anakwenda kwenye redio, anaizima.

"Imebaki pea moja."

Mtu anatazama simu yake. "Bi Viatu, huku wametimia arobaini na moja. Wote wameandika."

"Labda mtu kaenda peku," anasema mwingine, na wengine wanacheka.

"Labda," anajibu. "Kila mtu anionyeshe miguu."

Wanadhani ni mchezo. Mmoja anauliza kama kuna zawadi. Lakini yeye amesimama pale pale, hatabasamu, na taratibu duara zima linanyoosha miguu mbele, kandambili za buluu zinatazama dari, za wazee na za vijana. Bi Viatu anazunguka akihesabu kwa kidole. Anatoka mpaka jikoni, anarudi. Anakwenda upande wa maliwato, anagonga mlango. Mguu mmoja wenye kandambili unatokeza chini.

Pea arobaini. Hakuna mtu peku.

Watu wanaanza kugeuka, kila mmoja anamtafuta wake. Kosa ni lile lile la siku ya Mwalimu, ila safari hii viatu havisemi ni vya nani.

Bi Viatu anarudi gatini, watu nyuma yake. Anachuchumaa palepale pea ilipokuwa. Aliacha alama ya chaki kwenye ubao wa rafu kabla ya kuiondoa.

"Zilikaa hivi," anasema, anazirudisha. Visigino vimegusa ukuta. Zimelingana mbele kama zimepigwa rula. Anaigeuza moja. Chini yake, karatasi ya saizi bado imebandikwa, haijachubuka hata kona.

"Nani hapa anavaa kiatu mwezi mzima na hakitoi karatasi?"

Anayejibu ni mke wa mtu huyo, ambaye amesimama nyuma na kamba ya mashindano bado mkononi.

"Mume wangu," anasema. "Mpaka friji yetu ina karatasi."

Ni Katibu.

Mke wake alidhani yuko ofisini anaandika taarifa ya safari. Dereva wa boti ya kuvushia alidhani amekuja na fungu la kwanza. Na kwenye simu, "nimefika" ya kwanza kabisa, kabla ya watu wote, ni yake.

Dereva anairukia boti yake kabla hajaambiwa. Mashua ya Katibu iko boya la mwisho. Wakikaribia wanasikia kitu, ko, ko, ko, kama fundi seremala yuko ndani.

Alikuwa kwenye shimo la mbele ambamo matanga huhifadhiwa. Aliingia kukunja tanga vizuri, maana lililokunjwa na wengine halikumridhisha, na mfuniko ukajifunga juu yake, komeo likajibana kwa nje. Simu ilikuwa juu ya sitaha, juani. Alikaa mle saa nzima na ushee, hewa ikiwa finyu, akigonga kwa mpini wa chuma, na kila akigonga muziki wa klabu unampokea kwa kibwagizo.

Anashushwa gatini amelowa jasho, midomo imekauka. Daktari wa meno, ambaye ndiye daktari pekee aliyepo, anamshika mkono na kumpa maji kwa kijiko.

"Mbona mlikawia?" anauliza Katibu.

"Uliandika umefika," anasema mkewe.

Anafikiri. "Niliandika nilipofunga kwenye boya. Nilitaka niwe mfano."

Hakuna anayecheka. Bi Viatu anazileta zile kandambili, anaziweka mbele ya miguu yake, sawasawa, kama alivyoziacha.

"Vaa, Katibu," anasema. "Ndiyo umefika sasa."

Jumapili, kikao kilidumu dakika kumi na tano. Katibu aliondoa hoja yake mwenyewe, akaleta nyingine: kila mtu arudi na viatu vyake vya zamani siku za safari, na hizi za buluu zivaliwe uani tu. Hakuna aliyepinga. Alipoketi aliinama, akang'oa karatasi chini ya kandambili yake ya kushoto. Ya kulia ameiacha. "Taratibu," anasema. "Mtu habadiliki kwa siku moja."

Mwalimu alisimama na hoja ambayo haikuwa kwenye orodha. Kwamba kwenye safari ya siku tatu, kwenye mashua yake, kuna nafasi moja, na anaombwa Bi Viatu aikalie.

Katibu akajitolea kulinda rafu.

"Wewe?" Bi Viatu akamuuliza. "Wewe uliyejipoteza mwenyewe?"

Hapo ndipo kikao kilipocheka.

Amekubali lakini, kwa sharti. Kwa wiki mbili sasa, kila jioni kabla ya kufunga geti, anamfundisha askari. Anachanganya kwenye rafu viatu ambavyo wanachama wameviacha kwa ajili ya zoezi, anamwita, anamuuliza hivi vya nani, huyu anavuaje, yule akiwa na hasira anaviweka wapi. Akipatia siku tatu mfululizo, ataenda. Akikosa, atabaki, na Mwalimu ampe nafasi mtu mwingine.

Siku ya kwanza ya mtihani askari alipatia. Ya pili akapatia, japo alimtukana fundi wa injini kwa kazi ya kutafuta kiatu cha pili chini ya benchi.

Jana ilikuwa siku ya tatu. Bi Viatu alipanga pea thelathini, akasimama pembeni, mikono kifuani. Askari akapita rafu kwa rafu, akitaja. Daktari. Mwalimu. Bibi wa mafundo. Akafika rafu ya chini, kona ya mwisho, penye viatu vyeusi vya kufunika, vimepoteza rangi puani.

"Hivi siyo vya mwanachama," akasema.

"Ni vya nani?"

"Dada, unanitega. Ni vyako."

"Umejuaje? Sijawahi kuviweka hapo."

Askari akachuchumaa. "Wewe unavua mlangoni pa jiko kila asubuhi, mimi niko getini nakuona. Unaanza na cha kulia. Halafu unakigeuza kitazame baharini. Cha kushoto unakiacha kinatazama popote. Miaka yote hiyo."

Bi Viatu alivitazama. Cha kulia kilikuwa kimegeukia maji.

"Sikuwa najua," alisema.

Safari ni Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Begi lake liko tayari chini ya meza ya jikoni: kanga mbili, mafuta, na tochi. Kandambili za buluu haendi nazo. Ameuliza mara mbili kama kweli huko watakanyaga kila kisiwa au watapita tu, na ameambiwa watakanyaga.

Askari ameshamwonyesha pa kuviacha viatu vyake vyeusi. Rafu ya chini, kona ya mwisho. Amesema ataanza kuvitazama Jumapili saa nane, ingawa mashua zinatarajiwa saa kumi.