Mistari ya Sotoka

Juzi nilimsikia binti yangu akikariri hesabu ya shule: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita. Nikakosa raha jioni nzima.

Enzi za Mdachi, Mwalimu Danieli wa misheni aliichora hesabu hiyo vumbini kwa kijiti, mbele ya zizi letu, upande wa Mpwapwa. Alasiri ile ilinuka samadi na maziwa mgando. Ng'ombe wetu mmoja alikuwa akitokwa machozi na kukoroma. Mwalimu alichora mstari mmoja, chini yake miwili, kisha minne, kisha minane.

"Mzee, sotoka, tauni hii ya ng'ombe, huenda hivi," alimwambia baba. "Mwanzoni ni kama mchezo, halafu zizi zima linaisha. Mtenge huyu leo."

Baba alicheka. "Kwa ng'ombe mmoja tu, Mwalimu? Usitutishe."

Mimi nilidhani kila mstari ulikuwa ukimuua ng'ombe. Mwalimu alipoondoka, niliifuta yote kwa nyayo zangu, nikalala nikiamini nimeiokoa mifugo yetu.

Zizi lilipobaki tupu, na mazizi ya majirani pia, watu wazima nao walisema yaleyale niliyoyawaza: Mwalimu ametuloga kwa kijiti chake. Wakamfukuza. Sasa najua kwamba ni yeye peke yake aliyeyaona mapema.

Alipita mlangoni petu, mkeka begani. "Kwaherini," alisema. Baba alitazama pembeni. Nilitaka kumwitikia, lakini mama alinivuta ndani, na mlango ukafungwa.