Ndoo ya Koko na Breki za Gari la Papa

Mafuta ya breki yananuka kama samaki aliyesahauliwa ndani ya sukari. Harufu hiyo ndiyo iliyokaa mikononi mwangu kiangazi chote cha mwaka 2015, nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, na ndiyo niliyoinusa kitandani nikigeuka huku na huku bila kupata usingizi. Swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja tu: mtoto akijua kwamba baba yake, mtu aliyeendesha malori miaka ishirini, amekosea, na kosa lenyewe linaweza kuwatupa watu mtaroni, amwambieje? Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini kwetu penye wazee palikuwa pia na gari, na gari halijui methali.

Tuliishi Beechmont, kusini mwa Louisville, jimbo la Kentucky, katika nyumba ya mbao yenye baraza nyembamba. Jirani yetu, mzee Mmarekani tuliyemwita Bwana Dale, alikuwa na gari la Kimarekani la zamani, lenye miaka zaidi ya arobaini, lililolala chini ya turubai tangu macho yake yalipoanza kufifia. Papa alimtengenezea mashine ya kukatia majani, kisha paa, kisha mabomba ya maji, na siku moja mzee akampa funguo. Lilikuwa gari la rangi ya chai ya maziwa, refu kiasi kwamba likiegeshwa mbele ya nyumba yetu, pua ilikuwa kwetu na mkia kwa mwingine. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja tu, kipana kama kochi, na kilinuka vumbi na peremende. Mama alilichukia kwa mapenzi. Kila asubuhi alipita karibu nalo na mfuko wake wa kwenda kazini, akaligonga bodi kwa kidole na kumuuliza Papa, "Muke mwenzangu ameamuka muzuri?"

Kwa uzuri lilikuwa zuri, ila halikuwa na adabu. Ukikata kona, lilijilaza upande kama mtu anayetafuta mto wa kulalia. Usukani uliuzungusha robo nzima kabla magurudumu hayajapata habari. Na breki, ambazo zote nne zilikuwa za ngoma, ulizikanyaga kisha ukangoja, kama mtu aliyetuma barua. Ukizikanyaga mara tatu mfululizo zilipata joto, na mara ya nne hazikujibu kabisa.

Hayo yote yangebaki kuwa vichekesho vya mtaani kama isingekuwa Koko, mama yake Papa. Binti wa shangazi yangu alikuwa akiolewa Buffalo, mji wa mbali upande wa kaskazini, mwisho wa kiangazi, na katika ukoo wetu bibi harusi hatoki chumbani mpaka bibi yake amshike mkono na kumtoa. Bibi mwenyewe ndiye Koko, hakuna mwingine. Ndege alikuwa ameipanda mara moja, kuja Marekani, akasema inatosha. Basi la abiria nalo hakulitaka. Wakati wa ujana wake alikuwa juu ya lori lililopoteza breki kwenye mteremko wa kushuka Uvira, kule tulikotoka, likaja kusimamishwa na shamba la migomba la watu. Alitoka salama, akapoteza kuku wawili, na tangu hapo alikuwa na sheria yake.

"Miye sipande mu kitu yenye haijue kusimama," alimwambia Papa. "Nitatia maji mu ndoo, nusu. Utaiweka chini, mbele ya kiti ya nyuma, utatembeza gari, utakata kona, utasimama. Maji ikimwangika, miye nabakia ku nyumba."

"Mama, utaona," Papa akajibu. "Hii gari itasimama kama mbuzi yenye imeona nyoka."

"Mbuzi yenye imeona nyoka inaruka, mwanangu."

Basi kazi ikaanza. Papa alifanya kazi ghalani zamu ya usiku, akirudi alfajiri alilala kidogo, na saa nne alikuwa tayari chini ya gari. Bwana Dale alikaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, akitoa maelekezo ambayo mimi niliyageuza kuwa Kiswahili. Ndiye aliyetuambia kwamba magari ya polisi ya zamani, yale makubwa yaliyostaafu, yalikuwa na vifaa vinavyoweza kuhamia kwenye gari letu. Tulilipata moja katika uwanja wa magari mabovu, limeota nyasi hadi madirishani. Tulirudi na diski mbili za breki za mbele pamoja na mikono inayozishikilia, chuma kinene cha kuzuia gari lisilale kwenye kona, na sanduku la usukani lililobana vizuri zaidi ya letu. Shokapu nne zilinunuliwa mpya. Nilikuwa na daftari, na kila nati iliyofunguliwa niliiandika imetoka wapi, kwa sababu niliamini kwamba nati moja nikiisahau, ukoo mzima utaangamia. Papa alinicheka, lakini alipokwama aliniita: "Sifa, soma ile ya juzi." Nami nilisoma kwa sauti kama shemasi kanisani.

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile. Jua la Kentucky lilikuwa zito, nyenje walilia kwenye miti, na kila siku gari lilijifunza kitu kimoja. Siku tulipotoa hewa kwenye mabomba ya breki, mimi nilikanyaga pedali na Papa alikuwa chini akifungua na kufunga. "Kanyaga. Shikilia. Acha." Mara ya kumi na kitu, pedali ikawa ngumu chini ya mguu wangu, ngumu na ya kweli, nami nikapiga kelele. Mama alitoka jikoni akidhani nimekatwa kidole.

Kosa likaja siku ya mwisho, tena likaja kwa nia njema. Usiku wa kuamkia jaribio la Koko, Papa alipakia magunia sita ya unga wa muhogo kwenye buti. Ulikuwa unga wa harusi, lakini pia alikuwa na sababu ya kidereva. "Gari bila muzigo iko kama ngombe ya kichaa," alisema akifunga buti kwa goti. "Kule kwetu, lori tupu inarukaruka mpaka inakutupa. Muzigo ndiyo inaifundisha adabu." Hakuna aliyebisha. Nani angembishia mtu aliyeshusha malori kutoka Bukavu akafika na taa zote?

Jumamosi hiyo, kwenye uwanja wa kuegeshea magari wa kanisa, Koko alikaa kwenye kiti pembeni, amejifunga kitenge chake cha safari. Ndoo ikawekwa ndani. Papa aliondoka vizuri, akaongeza mwendo, akakata kona, na mkia wa gari ukatoka nje kama mtu anayeaga kwa makalio. Alipokanyaga breki, pua iliteleza mbele kidogo, ikakataa kwenda ilikoelekezwa. Likasimama, ndiyo, lakini limekaa mshazari. Koko alifungua mlango wa nyuma, akalitazama zulia lililolowa.

"Bon, basi," alisema. "Ya harusi watanitumia picha."

Papa akaturudisha nyumbani. Jioni alifungua tena shokapu zilizokuwa hazina kosa. Kesho yake alibana upya chuma cha mbele kilichokuwa kimebana. Nilimwona akitafuta kosa kila mahali isipokuwa kwenye buti, na moyo uliniuma, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaona. Taa za mbele, ambazo zamani zilimulika mlango wa Bwana Dale, sasa zilimulika dirisha lake la juu. Nilichukua futi ya cherehani ya Mama nikapima kutoka ardhini hadi juu ya tairi, kisha nikalinganisha na kimo nilichokuwa nimekiandika daftarini kabla ya unga kupakiwa. Mbele gari lilikuwa limeinuka vidole vitatu. Nyuma lilikuwa limeshuka kiganja kizima. Uzito wote ulikuwa umekaa mkiani, na magurudumu ya mbele, yale tuliyoyatafutia breki na usukani mpya, yalikuwa yakigusa barabara kwa ncha za vidole.

Hapo ndipo usingizi uliponikimbia. Niliandika njia tisa za kumwambia. Ya kwanza ilikuwa kumwambia Mama amwambie, lakini Mama angecheka mbele yake. Ya nne ilikuwa kumwambia Bwana Dale, lakini huko ni kumpeleka baba yako kwa jirani. Ya saba ilikuwa kunyamaza, Koko abaki nyumbani, na binti wa shangazi atolewe chumbani na mtu mwingine. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nilijiambia. Kisha nikajijibu kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali zilibishana juu ya kichwa changu siku nne, na Papa aliendelea kufungua nati zisizo na hatia.

Siku ya tano, kabla hajaamka, nilifungua buti. Sikuwa na njia ya kumi. Nilivuta gunia la kwanza likaniangukia, likapasuka mshono. La pili nililiburuza kwa kamba. Nilipofika la sita nilikuwa mweupe kuanzia nyusi hadi viatu. Papa akatokea barazani na kikombe cha chai.

"Sifa. Uko unafanya nini?"

Niliziacha njia zote tisa. Nilimpa futi. "Papa, pima mbele. Kisha pima nyuma. Kisha soma daftari."

Alipima. Akapima tena, kwa magoti, upande wa pili. Akasoma ukurasa, akarudi kusoma ule wa kabla yake. Mwishowe aliketi juu ya gunia la unga, akanywa chai yote.

"Donc, kumbe," alisema polepole, "miye nilikuwa nafundisha adabu ya lori ku mtoto ya watu." Akanitazama nilivyokuwa, akaanza kutikisika mabega, na kicheko chake kikamwamsha Koko.

Jaribio la pili Koko alilitazama amesimama. Gari lilikata kona likiwa limenyooka mgongo, likasimama pale alipochora kwa fimbo. Alichungulia ndoo, akachovya kidole, akakipangusa kwenye kitenge. "Leta sanduku yangu," alisema. Unga tuliuacha kwa Mama, kwa kuwa shangazi alisema mtaa wa Grant huko Buffalo umejaa maduka ya unga wa muhogo na hakuhitaji wa kutoka Kentucky. Njiani tulilala Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, kwa ndugu zetu, ambao walizunguka gari na kulipapasa kama ng'ombe wa mahari. Kesho yake tuliingia Buffalo jioni, Koko akiwa mbele amelala kinywa wazi, na Jumamosi alimtoa bibi harusi chumbani kwa mkono wake mwenyewe, vigelegele vikatikisa madirisha. Hakurudi nasi. Alipenda mji ule, amebaki kwa shangazi hadi leo.

Sasa nina shahada ya uhandisi, na magari ninayoyaona kazini yanapima yenyewe, yanaonya yenyewe, hata kusimama yanasimama yenyewe. Mimi ndiye niliyerudi nyuma. Nikiandika ujumbe wa mistari miwili kwa mkubwa wangu, naufuta mara sita. Yule msichana mweupe wa unga alikuwa na hofu kama yangu, lakini hofu yake ilikuwa na mikono. Mwaka huu Papa alisema anataka kwenda kumwona Koko, peke yake, kwa gari lilelile. Breki za nyuma bado ni zile za ngoma, kuukuu, na yeye husema zinatosha. Niliwaza wiki tatu nimwambieje. Nilichora jedwali. Niliuliza watu wanne, wakanipa majibu matano.

Jumamosi iliyopita niliendesha hadi Beechmont nikiwa na diski mbili za nyuma kwenye sanduku. Papa alikuta gari liko juu ya jeki, gurudumu la kulia liko chini kwenye majani.

"Nani alikwambia ufungue?" aliuliza.

"Hakuna," nilimjibu, nikaendelea kufungua.

Alikwenda kuleta kiti, akakaa kivulini kama Bwana Dale.