Siku Nilipoyageuza Maneno ya Mama

Ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso hunishuka. Nimesikia kwamba huko Kanada mlikohamia wewe ndiye unayemfasiria mama yako, shuleni na hospitali, kwa kuwa Kiingereza umekishika upesi kuliko yeye. Basi kaa nikuhadithie, maana kazi hiyo niliwahi kuifanya na mimi bibi yako, na niliiharibu.

Tulikuja Unguja kutoka Ngazija, kisiwa cha Komoro, katika miaka ya hamsini, mimi nina miaka tisa na dada yangu Zaliha kumi na moja. Baba alikuwa mshoni wa kanzu. Tulipanga vyumba viwili vya ghorofani Mkunazini, kwenye kichochoro chembamba hata jirani wa mbele, Bi Time, akitupitishia chumvi dirisha kwa dirisha. Nami nilikuwa mtoto wa kudadisi, sina mfano. Nilitaka kujua maji ya mfereji yanatoka wapi, nani aliyepigilia ile misumari mikubwa ya shaba milangoni, na kwa nini watu wa hapa huulizana hali mara tatu kabla ya kusema shida yao. Kingazija na Kiswahili ni lugha za jamaa moja, kwa hivyo haikupita miezi mingi nikawa nasema kama niliyezaliwa hapa. Nikatiwa skuli. Zaliha alibaki nyumbani kumsaidia mama, kwani baba alisema tuanze na mmoja kwanza, tuone.

Mama hakuwa akitoka bila mimi. Sokoni Darajani alininong'oneza, nami nikasema na muuzaji. Siku moja akataka samaki, changu. Mimi nikajiuliza, je, nikisema pweza itakuwaje? Nikasema pweza, na pweza tukapewa.

"Anasema changu wa leo si wazuri," nikamwambia mama.

Mama akamtazama pweza, akanitazama mimi, akalipa. Sikufichi, mwanangu, niliona raha. Watu wazima wawili wamesimama, na mimi mdogo katikati ndiye ninayeamua kitakacholiwa nyumbani.

Haukupita mwezi, alasiri moja mwalimu wangu, Bi Nasra, akapiga hodi mlangoni kwetu. Zaliha akakimbilia nyuma ya pazia la chumbani, mama akatandika mkeka mpya. Bi Nasra alipokwisha kunywa chai akanigeukia.

"Mwambie mama, nnasikia una dada yako hapa nyumbani. Pana nafasi moja imebaki skuli. Aje Jumatatu. Akikataa leo, ntampa mtoto mwengine."

Hayo niliyafikisha sawasawa. Mama akatabasamu, akajibu kwa Kingazija kwamba Zaliha aende, na kazi za nyumbani atazifanya mwenyewe.

Hapo ndipo nilipopotea. Niliwaza kwamba Zaliha akienda skuli, ndoo ya maji nitaipandisha mimi, na Kiswahili atakijua kama mimi, na nani tena atanihitaji? Na chini ya hayo yote lilikuwapo lile la pweza. Nilitaka kuona tu itakuwaje.

"Mama anasema haiwezekani," nikamwambia Bi Nasra. "Zaliha ana kazi nyingi."

Bi Nasra akashusha kikombe, akaanza kujifunga buibui lake. Pazia likatikisika. Mimi nikawa naangalia mkeka.

"Sivyo, mwalimu." Ilikuwa sauti ya mama, na ilikuwa kwa Kiswahili. Sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili na mgeni hata siku moja. "Mimi nimesema aende. Jumatatu aende. Kazi, mimi nafanya." Kisha akaninyooshea kidole. "Huyu anapenda pweza."

Bi Nasra hakuelewa habari ya pweza. Mimi nilielewa, nikatamani sakafu inimeze.

Kumbe kila asubuhi nilipokuwa skuli, mama alisimama dirishani na kumwonesha Bi Time vitu kimoja kimoja. Hiki mnakiitaje? Na hiki? Nilijiona mdadisi wa nyumba nzima, na aliyenishinda kudadisi alikuwa mama.

Mama hakunipiga, wala hakumwambia baba. Alinikalisha jikoni akaniambia, "Nilikuazima mdomo wangu kwa kuwa nilikuamini. Leo nauchukua." Tangu siku hiyo sokoni alisema mwenyewe, akikosea na kucheka na wauzaji, nami nyuma nimebeba kikapu, kimya. Sijapata kulia kwa adhabu kama hiyo.

Zaliha alianza Jumatatu. Alisoma kwa uchu, mpaka akawa mkunga. Miaka yote hiyo hakunitajia neno la siku ile, na mimi nikajipa moyo kwamba nyuma ya pazia hakusikia. Mpaka nilipokuwa kitandani, nimechoka taabani, naye amekipokea kichanga changu na kukifunga kanga. Akainama sikioni mwangu.

"Mama yuko nje anangoja. Mpelekee habari wewe, lakini usibadilishe kitu. Mtoto wa kike."

Nilicheka na kulia pamoja, nikaita kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, "Mama! Mtoto wa kike!" Na huyo mtoto, mwanangu, ndiye mama yako.

Kwa hiyo nakuusia. Daktari akisema neno zito, lifikishe na uzito wake. Mama yako akisema neno la kukutia haya mbele ya mwalimu, lifikishe vilevile. Dadisi kila kitu cha nchi hiyo, theluji yao na vyakula vyao, uliza mpaka wakuchoke, lakini usijaribie udadisi wako katika maneno ya mtu aliyekuamini. Na jioni mfundishe mama yako Kiingereza, hata maneno matatu, ili siku moja aweze kukukosoa.

Mungu akufungulie milango ya huko ugenini, aulinde ulimi wako, na akuweke karibu na mama yako. Nisalimie kwake. Mwambie nilivyosema, vyote, na habari ya pweza usiifiche.