Kumwambia Punda

Punda wetu alikuwa mwoga kupita kiasi. Mfuko wa nailoni ukipeperuka tu barabara ya Bariadi, anageuka ghafla na kukutupa kwenye pamba za watu. Mimi nilikuwa namchapa. Baba kila alipompanda, alilegeza kamba na kumtajia kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, kila kilichokuwa mbele kabla hawajakifikia: hiyo ni pikipiki, hilo ni shuka limeanikwa. Niliona ni upuuzi wa mzee.

Asubuhi ya msiba wa Baba nilimpanda punda kwenda kwa jirani kuazima majembe ya kuchimbia kaburi. Niliporudi, turubai la waombolezaji lilikuwa limeshafungwa uani, linapigwa na upepo. Punda akasimama, masikio juu. Fimbo nilikuwa nayo, lakini mkono ulikataa. Nikalegeza kamba, nikainama shingoni kwake. Ndugu walikuwa wamepigiwa simu na wengine; mimi nilikuwa sijalitamka neno lile kwa mtu yeyote.

"Ni turubai tu," nikamwambia. "La msiba. Baba amekufa."

Punda akaanza kutembea. Aliyekuwa anatetemeka ni mimi.